Tusiifukuze Fentanili Thieta kwa Makosa Yasiyo Yake

Siku hizi huwezi kukaa na madaktari na wauguzi wa usingizi ukamaliza chai bila kusikia kauli hii: nusukaputi ya kisasa ni ile isiyotumia dawa za jamii ya afyuni. Fentanili, mofini, petidini na remifentanili zinatajwa kama mabaki ya zama zilizopita, na anayeendelea kuzitumia anaonekana hajasoma. Mfano unaotolewa kila mara ni upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo. Ni upasuaji mfupi. Mgonjwa wake mara nyingi ni mwanamke wa umri wa kati asiye na maradhi mengine makubwa, na vidonda vyake ni vitatu au vinne, kila kimoja cha kufunikwa kwa plasta. Kama kuna mahali pa kuthibitisha kwamba afyuni haihitajiki tena, tunaambiwa, ni hapo.

Ninaipinga kauli hiyo, nami ni mtu wa kazi hiyo hiyo ya kulaza wagonjwa na kuwaamsha. Naamini inawaongoza vibaya wenzangu vijana, na gharama yake italipwa na wagonjwa ambao hawajawahi hata kusikia jina la fentanili.

Hoja za upande ule si za kubeza, na zinastahili kuelezwa kama wenyewe wanavyozieleza. Afyuni huleta kichefuchefu na kutapika. Mwaka 1999 Christian Apfel na wenzake walitoa kipimo chepesi cha kubashiri nani atatapika baada ya upasuaji. Kina alama nne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika safarini au baada ya upasuaji uliopita, na kupewa afyuni baada ya upasuaji. Mwenye alama zote nne ana uwezekano wa karibu asilimia 80, na mgonjwa wetu wa nyongo mara nyingi huingia thieta akiwa tayari na mbili. Afyuni pia hupunguza kasi ya kupumua, hulaza utumbo, huwasha ngozi na huzuia mkojo. Remifentanili ikitolewa kwa dozi kubwa huweza kuyafanya maumivu yawe makali zaidi mgonjwa anapozinduka. Halafu kuna Marekani, ambako vifo vya kuzidisha dozi za dawa na madawa ya kulevya vilipita 100,000 mwaka 2021, vingi vikitokana na afyuni. Na uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha majaribio 23 yenye wagonjwa wapatao 1,300 ulikuta kwamba, saa mbili baada ya upasuaji, waliopewa afyuni mezani hawakuwa na nafuu ya maumivu kuwazidi wasiopewa, ila walitapika zaidi. Kwa nini basi, wanauliza, tumpe mgonjwa dawa inayomtapisha na isiyompunguzia maumivu, ilhali ipo deksmedetomidini, ipo lidokeini ya mshipani, ipo ketamini, ipo magnesiamu?

Ni swali la haki, na lina majibu.

Kwanza: majaribio hayasemi wanayosemeshwa

Kila anayetetea nusukaputi isiyo na afyuni anapaswa kulisoma, kuanzia mwanzo hadi mwisho, jaribio la Ufaransa lililoongozwa na Hélène Beloeil na kuchapishwa mwaka 2021. Lilifanyika katika hospitali kumi. Wagonjwa zaidi ya 300 wa upasuaji wa kati na mkubwa, usio wa moyo, waligawanywa kwa kura: nusu wakapewa remifentanili na mofini, nusu deksmedetomidini. Ketamini, lidokeini na deksamethasoni zilitolewa kwa makundi yote mawili, hivyo tofauti kuu ilibaki kati ya afyuni na deksmedetomidini.

Walichokihesabu ni yale madhara ambayo afyuni hushutumiwa nayo: oksijeni kushuka, utumbo kulala, akili kuchanganyikiwa. Matokeo yalikwenda kinyume cha matarajio. Madhara hayo yaliwapata asilimia 78 ya kundi la deksmedetomidini na asilimia 67 ya kundi la remifentanili. Oksijeni ndiyo iliyoleta tofauti: ilishuka kwa asilimia 72 ya walionyimwa afyuni na asilimia 61 ya waliopewa. Walionyimwa walichelewa kutolewa mrija wa kupumulia na walikaa zaidi katika chumba cha kuzindukia. Tena jaribio zima lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu wagonjwa watano wa kundi la deksmedetomidini mapigo yao ya moyo yalishuka kupita kiasi.

Watetezi hujibu kwamba dozi ilikuwa kubwa. Inawezekana kabisa dozi ndogo ina hatari ndogo. Lakini hao walikuwa wataalamu waliojiandaa, wenye mashine kamili, wakijua kwamba kila mgonjwa anahesabiwa. Dozi iliyowashinda wao katika mazingira yale haiwezi kukabidhiwa kwa mtoa usingizi aliye peke yake usiku, mwenye pampu moja ya sindano inayopokezanwa kati ya thieta na chumba cha wagonjwa mahututi, eti kwa kuwa ni njia salama zaidi.

Kuna namba nyingine ndani ya jaribio hilo ambayo hainukuliwi. Katika saa 48 za mwanzo mgonjwa wa katikati katika kundi la remifentanili alitumia mofini miligramu 11, na mwenzake wa kundi la deksmedetomidini miligramu 6. Yaani hata huyu aliyelazwa bila afyuni aliamka akaihitaji afyuni, na akapewa. Kipimo cha maumivu kilikuwa sawa kwa wote. Kilichosogezwa ni saa ya kuipata dawa, na saa hiyo ilisogezwa kutoka wakati ambapo mgonjwa ana mtu kichwani pake, ana mrija na ana oksijeni, ikapelekwa wakati yuko wodini, muuguzi mmoja akihudumia vitanda vingi.

Mwaka huo huo wa 2021 ulitoka uchambuzi uliojumlisha majaribio 33 yenye wagonjwa 2,209. Haukukuta faida yenye uzito kwa mgonjwa upande wa maumivu wala upande wa kiasi cha afyuni kilichotumika baadaye. Ulikuta kutapika kumepungua, na moyo kwenda polepole kumeongezeka.

Jaribio la Uturuki la mwaka 2015 hutajwa sana kwa sababu lilihusu nyongo hasa. Wagonjwa 80 walilazwa kwa propofoli. Nusu wakaongezewa remifentanili, nusu deksmedetomidini na lidokeini. Wasiopewa remifentanili walikuwa na maumivu kidogo mwanzoni na walihitaji ondansetroni kidogo, hilo sikatai. Lakini fentanili waliyoihitaji baada ya upasuaji ilipungua katika saa mbili za kwanza tu. Kufikia saa ya sita makundi yalikuwa yamelingana. Wasiopewa remifentanili walichelewa kuamka. Na wakiwa mezani presha zao zilipanda mara nyingi zaidi, ingawa za kundi la remifentanili nazo zilishuka mara nyingi zaidi.

Tena tuangalie walilinganishwa na nini. Remifentanili huvunjwa mwilini ndani ya dakika chache baada ya pampu kuzimwa. Mgonjwa aliyelazwa kwa remifentanili bila kuachiwa dawa nyingine ya kumvusha huamka akiwa hana kinga yoyote ya maumivu. Sisi wengi hatuna remifentanili; tunayo fentanili, petidini, mofini na tramadoli, dawa zinazobaki mwilini muda mrefu zaidi. Hukumu iliyotolewa juu ya remifentanili haiwezi kutekelezwa juu ya fentanili. Mwaka 2023 watafiti wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za upasuaji zaidi ya 61,000. Waliopewa fentanili zaidi wakiwa mezani waliripoti maumivu kidogo zaidi walipozinduka. Kumbukumbu za nyuma si sawa na jaribio la kura, na sitazitia uzito zisioubeba. Ila zinatosha kuwataka wanaosema fentanili ya mezani haina kazi walete ushahidi wao juu ya fentanili yenyewe.

Pili: dakika ya kujaza tumbo

Twende kwenye dakika ambayo kila mtoa usingizi wa nyongo anaijua. Mgonjwa amelala, mrija uko kooni, daktari wa upasuaji ameshapitisha bomba la kwanza karibu na kitovu. Anasema, "Washa gesi." Kaboni dioksaidi inaingia, tumbo linavimba kama ngoma hadi shinikizo la milimita 12 au 15 za zebaki. Utando wa ndani ya tumbo unavutika ghafla, na mvutano huo hupeleka ujumbe kwa neva ya vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuupunguza mwendo moyo. Mlio wa mashine uliokuwa ukienda haraka unaanza kuachana: 80, 62, 48. Mtoa usingizi hasubiri. "Daktari, toa hewa!" Mkono wake uko kwenye atropini. Kwa wagonjwa wengi moyo hurudi kabla sindano haijaisha. Kwa wachache sana husimama.

Sasa mwongezee mgonjwa huyo deksmedetomidini, dawa ambayo kwa asili yake hupunguza mapigo, na ambayo nusu yake bado imo mwilini baada ya saa mbili hivi. Fentanili nayo hupunguza mapigo, kweli. Tofauti ni kwamba fentanili ina kiuasumu chake, naloksoni, ambayo haina bei kubwa na kila mtoa usingizi anajua kuitumia. Deksmedetomidini haina kiuasumu kinachotumika kwa binadamu. Ikizidi, kazi ni kuushikilia moyo kwa dawa nyingine na kungoja.

Lidokeini ya mshipani inahitaji hesabu, na hesabu ndiyo inayorukwa. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2021 yaliweka ukomo: miligramu 1.5 kwa kilo, zitolewe polepole kwa dakika kumi, kisha zisizidi miligramu 1.5 kwa kilo kwa saa. Kwa mama wa kilo 60 ni miligramu 90 za kuanzia na 90 nyingine kila saa. Sasa daktari wa upasuaji, akifanya jambo jema kabisa, anapiga ganzi kwenye matundu yake: mililita 20 za bupivakeini ya asilimia 0.5, ambazo ni miligramu 100. Mama yule kwa bupivakeini peke yake asingepaswa kupita miligramu 120. Ganzi mbili zimekutana katika damu moja, na makubaliano yale yale yanakataza lidokeini ya mshipani kutumika wakati ganzi nyingine ingali inafanya kazi mwilini. Dalili za mwanzo za sumu ya ganzi ni masikio kuvuma, ulimi kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni. Aliye katika nusukaputi hawezi kusema lolote kati ya hayo, na akiwa amelegezwa misuli hata degedege haitaonekana. Dalili ya kwanza itakayoonekana ni ya moyo. Dawa ya kuokoa ni mafuta maalumu ya mshipani ya asilimia 20. Kabla ya kuwasha pampu ya lidokeini, mtu afungue kabati lake aone kama yamo.

Magnesiamu nitaitaja kwa ufupi. Huongeza nguvu ya dawa za kulegeza misuli. Pasipo kifaa cha kupima kama misuli imerudi, na thieta nyingi za wilaya hazina, mgonjwa hutolewa mrija akiwa bado dhaifu, halafu wodini anaitwa mvivu wa kupumua. Gabapentini na pregabalini, ambazo nazo huingizwa kwenye mchanganyiko huu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitolea onyo mwaka 2019 kwamba zinaweza kudhoofisha upumuaji, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya mapafu. Mtu aliyeikimbia fentanili kwa ajili ya pumzi ya mgonjwa amekutana na tatizo lile lile likiwa na jina jingine.

Hesabu ya kuikwepa fentanili ndiyo hiyo. Kichupa kimoja cha fentanili cha maikrogramu 100, dawa moja inayojulikana tabia yake na kiuasumu chake, kimebadilishwa kwa dawa tatu au nne zinazoingia kwa pamoja, kila moja ikiwa na dozi yake, sumu yake na muda wake wa kuisha.

Tatu: kutapika kunatibika

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na majaribio niliyoyataja yanawaunga mkono. Kwa Wafaransa kutapika na kichefuchefu kulikuwa asilimia 37 kwa remifentanili na 24 kwa deksmedetomidini. Mama aliyepasuliwa tumbo akitapika hupata maumivu kwenye kila tundu, na hakuna anayefanya kazi hii anayeweza kulipuuza hilo.

Lakini mwaka 2004 lilichapishwa jaribio kubwa la wagonjwa zaidi ya 5,000, Apfel yule yule akiwa kiongozi. Lilionyesha kwamba ondansetroni, deksamethasoni na droperidoli kila moja hupunguza hatari ya kutapika kwa takriban robo, na kwamba nguvu zao hujumlishika. Kulaza kwa propofoli badala ya gesi kulipunguza hatari kwa karibu moja ya tano. Deksamethasoni miligramu 8 mwanzoni mwa upasuaji haina gharama kubwa, haihitaji pampu, na pamoja na kuzuia kutapika husaidia kupunguza maumivu. Ondansetroni miligramu 4 mwishoni huongeza kinga. Hizi ni dawa ambazo hata hospitali ya wilaya inazo mara nyingi.

Nimeona karatasi za usingizi ambazo mgonjwa wa nyongo, mwanamke, alipewa fentanili, akapewa petidini wodini, na hakuna mstari mmoja wa deksamethasoni wala ondansetroni. Alitapika usiku kucha, na asubuhi lawama ikaenda kwa fentanili. Mwenye kosa ni aliyejua alama za Apfel na asizitumie. Tatizo la namna hiyo hutibiwa kwa kuandika dawa mbili zilizopo, siyo kwa kuifuta moja inayozuia maumivu.

Nne: hofu ya mlango wa nyongo

Kuna hoja ya zamani iliyovishwa nguo mpya. Tulifundishwa kwamba mofini hukaza misuli ya mlango ambapo nyongo huingilia utumbo, na kwamba mgonjwa wa nyongo apewe petidini. Wapya wameipanua: afyuni zote hukaza mlango ule, kwa hiyo zote zitoke.

Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Dawa zote za jamii hiyo, petidini ikiwemo, zinaweza kuongeza shinikizo pale. Hakuna ushahidi wa maana kwamba petidini ina nafuu kuliko mofini kwa mgonjwa, na petidini huacha mwilini taka inayoweza kuleta degedege, hasa figo zikiwa dhaifu. Mkazo wenye kuleta shida ni wa nadra wakati wa upasuaji, na ukitokea hulegezwa kwa naloksoni, glukagoni au nitrogliserini. Hatari ndogo yenye dawa haiwezi kuwa sababu ya kumnyima kila mgonjwa.

Tano: janga la Marekani halikuzaliwa thieta

Janga la Marekani ni la kweli na watu wamezikana. Lakini lilianzaje? Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni vidonge vya OxyContin, ikavisukuma kwa madaktari kwa nguvu kubwa. Mwaka 2007 kampuni dada yake, na mwaka 2020 yenyewe, zilikiri makosa ya jinai. Vilikuwa vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu asilimia 6 ya Wamarekani ambao hawakuwa wakitumia afyuni kabla ya upasuaji waliendelea kuzichukua dukani miezi mitatu na zaidi baadaye, na kiwango kilikuwa karibu sawa kwa upasuaji mdogo na mkubwa. Kama chanzo kingekuwa dawa ya mezani, upasuaji mkubwa ungeacha waraibu wengi zaidi. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo huo ulikuta kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa walibakiza vidonge walivyoandikiwa, na wengi wao hawakuvifungia kwa kufuli.

Hakuna mtu anayekuwa mraibu kwa maikrogramu 100 za fentanili alizopewa akiwa hana fahamu, zilizokwisha nguvu kabla hajafika wodini. Anayetaka kuzuia uraibu wa baada ya upasuaji aandike vidonge vichache, kwa siku chache, au asiandike kabisa: mgonjwa wa nyongo anaweza kwenda nyumbani na parasetamoli na ibuprofeni.

Na huku kwetu? Uraibu wa afyuni katika pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Mombasa na Tanga hadi Zanzibar na Dar es Salaam, ni uraibu wa heroini ya magendo. Ndiyo iliyosababisha kliniki ya methadoni kufunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Vijana wanaopanga foleni ya methadoni hawakufikishwa pale na mtoa usingizi.

Sita: tunachokipoteza kabla ya upasuaji mwingine

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, na ndipo mjadala huu haufiki.

Fentanili, mofini na petidini zinatawaliwa na Mkataba wa mwaka 1961 wa dawa za kulevya. Kila nchi hukadiria kila mwaka itahitaji kiasi gani na kupeleka makadirio kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Nchi hairuhusiwi kuingiza zaidi ya ilichokadiria. Makadirio ya taifa hujengwa kutoka chini: mfamasia wa hospitali anafungua daftari la kabati la dawa zinazodhibitiwa (DDA), anajumlisha vichupa vilivyotumika mwaka uliopita, anaandika namba. Thieta ikitangaza kwamba haihitaji tena fentanili wala mofini, namba hiyo inashuka. Mwakani vichupa vinapungua kwa wote: kwa mama wa upasuaji wa uzazi, kwa dereva wa bodaboda aliyevunjika paja, kwa mtoto aliyeungua maji ya moto, kwa mgonjwa wa saratani.

Hali tunayoanzia ni hii. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za afyuni za tiba, kwa kipimo cha mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Marekani inajitahidi kupunguza kutoka wingi uliopitiliza. Sisi tunaambiwa tupunguze kutoka karibu na hakuna.

Waliopigania kidogo tulichonacho walipigana kwelikweli. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilianza na mofini ya maji iliyochanganywa kutoka kwenye unga, na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kuiandika. Miaka yote hiyo kazi kubwa ilikuwa kuwashawishi viongozi na madaktari kwamba mofini si sumu. Sasa wataalamu wa usingizi, watu wanaoijua dawa hii kuliko wengine wote hospitalini, wanapanda majukwaani kusema kwamba nusukaputi bora ni ile iliyoikwepa. Afisa wa wizara anayesikia hayo hatachambua tofauti ya remifentanili na mofini. Atakachobaki nacho ni kwamba hata wenyewe hawaitaki.

Nimeiona sura ya kauli hiyo wodini. Mama aliyetolewa nyongo mchana, usiku ameukunja mguu wa kulia na mkono ameubana chini ya mbavu. "Sista, huku ndani kunachoma," anamwambia muuguzi. "Pole mama, ngoja nitazame faili." Faili lina parasetamoli, imeshatolewa. Juu ya karatasi ya usingizi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mgonjwa amelazwa bila afyuni, na chini yake hakuna dawa ya akiba iliyoandikwa. Muuguzi haruhusiwi kuiandika mwenyewe. Funguo za kabati ziko kwa msimamizi wa zamu, jengo jingine. Deksmedetomidini ilikwisha mwilini saa nyingi. Ndugu waliinunua duka la nje kwa fedha za mchango, kwa kuwa bohari haikuwa nayo.

Ninakotaka twende

Wapo wagonjwa ambao ningewalaza bila afyuni, au karibu bila: mnene sana anayekatikiwa pumzi usingizini, mwenye historia ya kutapika kwa siku mbili baada ya kila upasuaji, anayetibiwa uraibu na ameomba mwenyewe. Na pale kabati lilipo tupu kweli, ketamini na ganzi vimeokoa watu wetu kwa miongo mingi na vitaendelea. Huo ni uamuzi kwa mgonjwa aliye mbele yako. Ninachokataa ni kuugeuza kuwa sheria ya wote na alama ya usasa.

Kwa mama wa nyongo wa kawaida, njia inayoungwa mkono na miongozo ya maumivu ya upasuaji huu iko wazi na haina makuu. Parasetamoli na diklofenaki au ibuprofeni, kama figo na tumbo vinaruhusu. Deksamethasoni. Ganzi kwenye matundu, ikihesabiwa kwa kilo. Shinikizo la hewa tumboni liwe dogo kadiri daktari wa upasuaji anavyoweza kufanya kazi, na mwishoni hewa ifyonzwe yote kabla ya kufunga, kwa kuwa hewa inayobaki chini ya kiwambo ndiyo huleta yale maumivu ya bega. Juu ya hayo naongeza fentanili kidogo wakati wa kulaza, kuutuliza mwili mrija unapopita kooni na tumbo linapojazwa. Halafu mofini iandikwe faili lake kama akiba, kwa dozi ndogo ndogo, pamoja na maelekezo ya kuhesabu pumzi zake, na naloksoni iwe kwenye trei ya muuguzi.

Na mfamasia atakapoleta fomu ya makadirio ya mwaka ujao, mtoa usingizi aijaze mwenyewe badala ya kuiachia daftari la mwaka jana. Ahesabu wagonjwa wa nyongo wa hospitali yake, awaongezee wa uzazi, wa mifupa na wa kuungua, aandike fentanili na mofini wanayoihitaji, kisha atie sahihi.